Mko Pamoja Lakini Akili Iko Wapi? Hii Ndio Kitu Inaua Mapenzi Polepole na Venye Unaweza Kuikomesha

Wasee, wacha nianze na aibu yangu mwenyewe, ndio mkisoma hii stori msidhani nimekuja kuwahubiria.

Ilikuwa jioni pale jeti ya Shimoni. Boti za watalii zishafunga kazi, za mwisho kutoka Wasini zinaingia, na wale vijana wa kupakua samaki wanapigiana kelele. Mtu wangu alikuwa ametoka job ng'ambo, anafanya kwa mkahawa mmoja wa kulisha wageni kaa na wali wa nazi wakitoka kuangalia pomboo. Tukakaa kwa ukuta, miguu inaning'inia juu ya maji. Poa kabisa. Picha ya kadi.

Shida ni kwamba mimi nilikuwa kwa simu. Natafuta kichwa cha stori ya msanii fulani aliyeachwa na dem wake. Yeye anaongea, mimi nasema "mmh." Anaendelea, nasema "sawa." Anamaliza, nasema "poa poa." Stori yangu ikatoka vizuri, ikasomwa na watu kibao.

Kesho yake saa saba mchana nikampigia. "Uko wapi wewe? Ukitoka job niletee chapo mbili."

Akanyamaza kidogo. Halafu akasema, "Niko Msambweni hospitali na mama. Nilikwambia jana. Nikakwambia naogopa. Ukasema poa."

Hakunitusi. Angenitusi ningejua pa kuanzia. Alikata simu polepole na hakuishika tena kwa siku 9.

Mamake alikuwa anakonda kwa miezi, anakunywa maji kama samaki, na walikuwa wanaenda kupimwa sukari. Hiyo ndio habari kubwa zaidi katika maisha yake mwaka huo, na aliniambia mimi wa kwanza, uso kwa uso, umbali wa mkono mmoja. Na mimi sikuwepo. Nilikuwa nasoma ya mtu nisiyemjua aliyeachana na mtu nisiyemjua.

Kwa hizo siku 9 nilisoma sana. Mimi niliacha kolej mwaka wa pili, kwa hivyo sijui kila kitu, lakini kusoma najua. Na nikagundua kuna jina la kitu nilichokuwa nakosa, na kuna watu wameipima miaka na miaka.

Kwani hii kitu ni nini?

Wazungu wanaiita maindifulnesi. Kwa Kiswahili cha darasani utaskia umakinifu. Mimi naiita tu "kuwa hapa." Maana yake si ngumu. Mwili na akili viwe mahali pamoja, kwa wakati mmoja, na uone kinachoendelea bila kukimbilia kukihukumu. Akili ikitoroka, unaishika mkono pole pole unairudisha. Ikitoroka tena, unairudisha tena. Hiyo tu ndio mazoezi yenyewe.

Aliyeifanya ijulikane hospitalini ni msee anaitwa Jon Kabat-Zinn. Mwaka wa 1979, kwenye chuo cha udaktari cha Massachusetts huko Marekani, alianzisha programu ya wagonjwa wenye maumivu yasiyoisha na msongo wa mawazo. Aliichota kwa tafakuri ya Wabuddha, akaondoa mambo ya dini, akabakisha mazoezi ya pumzi, mwili na akili. Leo inafundishwa nchi nyingi.

Sasa kabla mtu aniambie haya ni mambo ya Wazungu wenye muda wa kukaa kwa mkeka, hebu fikiria. Huku kwetu Kwale, mtoto wa madrasa anafundishwa khushui tangu mdogo. Unaweza kusimama, kurukuu na kusujudu vizuri kabisa huku moyo uko sokoni, na ustadh atakwambia swala ya namna hiyo imekosa kitu. Hakuna mtu pwani hii asiyejua tofauti ya kuwepo na kuwepo. Ni vile tu hatuipeleki hiyo elimu nyumbani.

Aliyenielewesha kabisa lakini hakuwa profesa. Ni mzee mmoja nahodha ambaye siku hizi anashona nyavu tu chini ya mwembe. Siku ya tano ya kununiwa nilipita nikamwamkia, akaona uso wangu, akauliza kuna nini. Nikamweleza. Akacheka kidogo halafu akaniuliza, "Mwanangu, wewe ushawahi kuvua kwa mshipi?"

Nikamwambia mara moja mbili hivi.

"Basi unajua. Samaki hapigi kelele akigusa chambo. Unamskia hapa," akanionyesha ncha ya kidole. "Mshipi ukiwa mkononi na akili yako iko nyumbani, samaki atakula chambo chote aende zake, na wewe bado umeshika kamba unadhani unavua."

Maze. Nilikuwa nimeshika kamba.

Akili yako inatoroka kuliko unavyodhani

Mwaka wa 2010 watafiti wawili wa Harvard, Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert, walitoa matokeo ya kazi moja noma. Walitengeneza programu ya iPhone ya kuwashtua watu wakati wowote wa siku na kuwauliza maswali matatu: unafanya nini, unafikiria nini, na unajiskia aje. Walipochambua majibu ya watu wazima 2,250, walipata kwamba asilimia 46.9 ya muda akili ya mtu haiko kwa kile anachofanya. Karibu nusu ya maisha!

Na karibu kila shughuli, iwe kazi, kula, usafiri ama kupiga stori, akili zilikuwa zimetoroka angalau asilimia 30 ya muda. Shughuli moja tu ndio ilikuwa tofauti. Nadhani ushaijua. Ndio, ile ya chumbani.

Lakini kitu iliyonishika ni hii nyingine: watu walikuwa na furaha kidogo zaidi akili ikiwa imetoroka, hata kama kile walichokuwa wanafanya hakikuwa kitamu. Na hata waliotoroka kwenda kuwaza mambo mazuri hawakuwa na raha kushinda waliobaki pale pale. Yaani ukiosha vyombo huku unaota Dubai, huna faida kubwa kumshinda anayeosha vyombo tu.

Sasa chukua hiyo nusu uipeleke kwa mapenzi. Kama mnakaa pamoja saa mbili kila jioni, kuna uwezekano mmoja wenu hayuko kwa saa nzima. Na hapo bado hatujaongeza simu.

Simu, yule mke mwenza asiyelala

Mwaka wa 2012 huko Australia, watu wa kamusi ya Macquarie na kampuni ya matangazo walitunga neno la tabia ya kumdharau mtu aliye mbele yako ukiangalia simu. Tuliite fabingi. Miaka michache baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Baylor, Texas, James Roberts na Meredith David, waliwauliza watu wazima 453 Marekani kuhusu wapenzi wao na simu. Asilimia 46.3 walisema wapenzi wao huwafanyia hivyo. Asilimia 22.6 walisema imeleta ugomvi.

Wakafuata ule mnyororo. Simu inaleta mabishano, mabishano yanashusha kuridhika kwa penzi, penzi likishuka mtu haridhiki na maisha, na hapo huzuni nzito inapata mlango. Kumbuka hakuna aliyechiti hapo. Hakuna aliyepiga mtu. Ni kuangalia tu kioo kidogo wakati mwenzako anaongea.

Kuna jamaa mwingine anaitwa John Gottman, amechunguza wanandoa miaka mingi huko Seattle. Yeye anasema mapenzi yanajengwa kwa vitu vidogo vidogo sana, zile mara mtu anakugusa kwa neno ili uangalie upande wake. "Ona pomboo pale." "Umeskia harufu ya mvua?" "Leo mgongo unaniuma." Kila moja ya hizo ni kama mtu anabisha hodi. Unaweza kufungua, unaweza kunyamaza, unaweza kufoka. Alipowafuatilia maharusi wapya kwa miaka 6, aliona kwamba wale waliobaki pamoja walikuwa wanaitikia hodi kama mara 86 kwa kila 100. Wale walioachana walikuwa wanaitikia mara 33.

Soma hiyo tena. Kilichowatofautisha hakikuwa maua wala safari za Diani kwenye hoteli kubwa. Ilikuwa kuitikia "ona pomboo."

Na hapo ndipo nilipojiona mimi. Mtu wangu hakuwa anabisha hodi ya pomboo hata. Alikuwa anabisha ya mamake.

Mwili unaskia kila neno

Usidhani haya ni mambo ya moyo peke yake. Mwaka wa 2005, Janice Kiecolt-Glaser na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ohio State walitoa utafiti wa wanandoa 42. Waliwalaza hospitali siku nzima mara mbili. Kila mara wakawafanyia vidonda vidogo vya malengelenge kwenye mkono, halafu wakawaacha waongee. Mara ya kwanza waliongea kwa kusaidiana. Mara ya pili waliongea yale mambo yanayowakosanisha. Baadaye wakapima vidonda vinapona kwa kasi gani.

Baada ya mazungumzo ya ugomvi vidonda vilichelewa. Na wale wanandoa waliokuwa na maneno makali kila mara, vidonda vyao vilipona kwa asilimia 60 tu ya kasi ya wale wapole. Ngozi inajua mnavyoongeleshana. Hiyo si mashairi, ilipimwa.

Gottman naye aliangalia mapigo ya moyo. Moyo ukivuka kama mapigo 100 kwa dakika wakati mnabishana, mtu anafurika. Masikio yako wazi lakini hayaingizi kitu. Kila unachoambiwa unaskia ni shambulio, na mdomo unatoa yale ambayo kesho utayajutia. Hapo hata uwe msee mwerevu aje, huwezi kutatua kitu. Unahitaji angalau dakika 20 mwili ushuke kwanza.

Kwa hivyo ukiskia mtu anasema "pressure imepanda kwa sababu ya huyu mwanamume," usicheke sana. Huenda anakwambia ukweli.

Sasa, kuwa hapa kunasaidia ama ni stori?

Mwaka wa 2004 James Carson na wenzake wa North Carolina walichukua wapenzi jozi 44 waliokuwa wanaelewana vizuri tu, si wale wa kurushiana sufuria. Wengine wakapitia programu ya wiki 8 iliyotokana na ile ya Kabat-Zinn, wakifanya mazoezi ya pumzi, kuskizana, kugusana kwa utulivu na kufanya yoga wakisaidiana. Wengine wakasubiri zamu yao.

Waliofanya walitoka wakiridhika zaidi na uhusiano, wakiwa karibu zaidi, wanakubaliana vile walivyo, na pia mtu mmoja mmoja alikuwa na msongo kidogo na matumaini zaidi. Miezi mitatu baadaye faida zilikuwa bado zipo. Na zile siku ambazo mtu alifanya mazoezi zaidi, penzi lilienda vizuri zaidi.

Mwaka wa 2007 Sean Barnes na wenzake nao walichunguza vijana wanaochumbiana. Waliona kwamba wale wenye tabia ya kuwa makini na kinachoendelea walikuwa wanaridhika zaidi na mapenzi yao. Wakipewa jambo la kubishania, waliingia wakiwa na hasira na hofu kidogo, na wakatoka hivyo hivyo. Yaani utulivu wao ulianza kazi kabla hata ya ugomvi.

Lakini tusidanganyane. Nyingi ya hizi tafiti ni ndogo, nyingi ni za Marekani, na wengi waliopimwa ni watu wenye nafasi. Pia huwezi kujua kila mara ni utulivu ulioleta penzi zuri ama ni penzi zuri lililomtuliza mtu. Pengine ni yote mawili. Ule wa Carson ndio una nguvu kidogo juu kulikuwa na kundi la kulinganisha. Hii si uganga wa kufunga mpenzi. Ni kama kufanya mazoezi ya mwili, inakuongezea nafasi, haikupi hakikisho.

Shimoni si Massachusetts

Ukweli usemwe. Hapa mapenzi yanafuata upepo.

Kaskazi ikivuma, bahari inatulia, wageni wanajaa kwenda Kisite na Mpunguti kuogelea na kuona pomboo, kuna tipu, kuna samaki, kuna kucheka. Kusi ikiingia kuanzia kama Aprili, mawimbi yanapanda, boti ndogo zinakaa ufuoni, wageni wanapungua, na keja ni ile ile, kodi ni ile ile. Hapo ndipo utaskia watu wanagombana kuhusu chumvi. Chumvi kwani iliwakosea nini? Ugomvi si wa chumvi. Ni wa hofu ya mwisho wa mwezi, lakini hakuna aliyesimama kuitazama hofu usoni na kuiita jina lake.

Mvuvi anarudi alfajiri, mwili umechoka, mkononi hana kitu, na neno la kwanza analopokewa nalo ni "za leo?" Yeye anaskia "umeshindwa tena." Mke hakusema hivyo. Mke alitaka kujua kama aanike nazi ama akope unga. Watu wawili wanaopendana wanapigana na maneno ambayo hakuna aliyesema.

Hapa kuwa hapa hakukuletei samaki, wacha niseme wazi. Njaa haiponi kwa kupumua. Lakini kunakusaidia usiongeze shida ya pili juu ya ile ya kwanza. Hela ikikosekana ni shida moja. Hela ikikosekana na mkalala mmegeuziana migongo ni mbili.

Halafu kuna wale wenye mapenzi ya simu. Kwale nzima, nyumba ngapi ziko na mtu Saudia, Qatar ama Oman? Hao ndio simu ni daraja lao, huwezi kuwaambia wazime. Kwao swali ni lingine: ukiwa kwa hiyo simu, uko kwa yeye ama uko kwa yeye na TikTok pamoja?

Vitu 6 unaweza kuanza leo, bila mkeka wala yoga

*1. Mlo mmoja kwa siku, simu mbali.* Si kugeuza uso wa simu chini. Mbali, chumba kingine, ama kwa mkoba umefungwa. Chagua mlo mmoja tu. Ukianza na sheria ya siku nzima utavunja kabla ya saa nne asubuhi, naongea kwa uzoefu.

*2. Rudisha ulichoskia kabla ya kujibu.* Akimaliza, sema kwa maneno yako: "Yaani kesho unampeleka mama Msambweni, na unaogopa." Hapo hapo utajua kama uliskia ama ulikuwa unasema poa. Hiki kitu kingeniokoa siku 9.

*3. Taja hisia kimya kimya kabla ya kuifungulia mdomo.* Kifua kimebana? Masikio yamepata moto? Jiambie "hii ni hasira," ama "hii ni wivu," ama "hii ni aibu." Mimi niligundua mara nyingi naita hasira kitu ambacho ni aibu. Ukiijua jina, unaweza kuisema bila kurusha mawe.

*4. Dakika 20, na urudi.* Ukiona unafurika, sema: "Niko na joto sahii, naenda jeti kidogo, narudi tuongee." Nenda, tembea, angalia maji, usipange majibu ya kumchoma. Halafu urudi kweli. Ukienda bila kusema unarudi, hiyo ni kununa, na wanawake wa pwani wananijua mimi kwa hilo.

*5. Dakika za kwanza mlangoni.* Mtu akiingia kutoka kazini, baharini ama shambani, mpe dakika chache za kuwa mtu kabla awe mkoba wa hela. Maji, kiti, "pole na kazi," umwangalie uso. Za leo zitaulizwa, lakini si mlangoni. Na wewe unayeingia, uliyembakisha nyumbani naye ametoka kazini, hata kama hakutoka nje.

*6. Mkiwa mbali, wekeni saa yenu.* Saudia na Qatar saa ni sawa na ya kwetu, Oman na Dubai wako mbele saa moja tu, kwa hivyo sababu ya "muda haulingani" haipo. Bora dakika 15 mkiwa wawili kweli kuliko simu ya saa mbili huku unaskrol. Na sauti akikutumia, iskize yote hadi mwisho kabla ya kujibu. Wengi huweka la muhimu pale mwishoni, wakishapata ujasiri.

Kwa haya yote, akili itatoroka. Itatoroka mara mia. Usijitukane. Irudishe tu kama mtoto aliyekimbilia barabarani. Kurudisha ndio mazoezi, si kutotoroka.

Pale ambapo hii dawa si dawa

Hapa naomba uskize vizuri. Kama mtu wako anakupiga, anakutisha, anakunyima hela ya chakula kwa makusudi ama anakulazimisha kitandani, shida si kwamba wewe hujatulia. Kupumua polepole hakukusudiwi kukusaidia uvumilie kipigo. Hiyo ni dhuluma, na namba 1195 inapigwa bure Kenya nzima kwa watu wanaopitia ukatili wa kijinsia. Ongea na mtu unayemwamini, ondoka mahali salama kwanza, mengine baadaye.

Na kama huzuni imekaa kifuani wiki baada ya wiki, hulali, huli, huoni maana ya kuamka, usijitibu na makala ya mtandaoni, hata hii yangu. Nenda hospitali uonane na daktari. Si aibu.

Pia usigeuze hii kitu iwe rungu. Kuna wasee wakishasoma mambo kama haya wanaanza kumwambia mwenzao "wewe hujatulia" kila akilalamika. Hapana. Unatuliza akili yako wewe. Ya mwenzako ina mwenyewe.

Siku ya kumi

Siku ya kumi nilipanda mathree hadi Msambweni. Sikumpigia simu, juu angekataa. Niliwakuta nje kwenye benchi, yeye na mamake, wanasubiri dawa. Nikamwamkia mama, nikakaa upande. Simu nilikuwa nimeiacha nyumbani, na wacha niseme mkono wangu ulikuwa unaitafuta mfukoni kila dakika mbili kama mtu aliyeacha sigara.

Mtu wangu hakuniongelesha karibu saa moja. Mama ndiye alivunja kimya. Akaanza kunieleza sukari yake ilipatikana ni ngapi, dawa gani za asubuhi, gani za jioni, asile nini. Nikaskiza. Alipomaliza nikarudisha: hizi asubuhi kabla ya kula, hizi jioni, na kliniki ni mwezi ujao. Mama akamwangalia bintiye akasema, "Huyu ameskia."

Sikusamehewa siku hiyo. Nilipewa sharti: chakula cha jioni, simu haiko mezani. Wiki ya kwanza nilivunja mara tatu. Wiki ya pili mara moja. Sasa ni miezi kadhaa, na bado kuna siku nakamatwa macho yameganda, ananiuliza, "Nimesema nini?" Siku nyingine najua. Siku nyingine nasema ukweli, "Sijaskia, pole, rudia." Na anarudia. Hiyo ya kurudia ndio mimi naona ni mapenzi.

Tarehe za kliniki za mama nazijua kwa kichwa. Stori za wasanii bado naandika, si ndio chakula. Lakini naandika mchana.

Wewe je? Mara ya mwisho mtu wako alikwambia kitu, alisema nini? Kama hukumbuki, usiendelee kuskrol. Muulize.